Kigiriki Hakisomeki

Nofri alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoanza kwenda kujifunza alfabeti ya Kigiriki pamoja na vijana, na Firenze nzima, mji wao wa Italia, ikamcheka. Acha icheke! Miaka thelathini alikuwa akinakili kwa mkono vitabu vya Kilatini dukani kwa Bindo, na kila alipokutana na mstari wa Kigiriki alifanya kama wanakili wote tangu enzi za babu zao: aliuruka, akaandika, "Ni Kigiriki, hakisomeki." Hakisomeki kwa nani? Swali hilo lilianza kumnyima raha uzeeni.

Alisoma miaka mitatu. Kisha Bindo akampa tena barua za Mrumi mmoja wa kale, kitabu kile kile alichomnakilia jaji mmoja ujanani. Safari hii Nofri alipoufikia mstari wa Kigiriki, ukurasa wa arobaini, akauandika wote.

Bindo akauona. "Mzee wangu, umerukwa na akili? Chukua kisu, kwangua wino huo! Andika maneno yetu ya siku zote."

"Sikwangui."

"Wateja wakiuona, wataniuliza vitabu vyao vina mapengo mangapi. Utawajibu wewe?"

"Nitawajibu. Mapengo niliyaacha mimi."

"Basi ukwangue, ama kiti chako nampa mwingine. Na kwa macho hayo yaliyofifia, nani atakuchukua?"

Ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Hakuwa na kazi nyingine, wala mtoto ambaye angemlisha. Lakini kisu hakukigusa.

"Hebu tuambie," Bindo akamkejeli, "hayo maajabu yako yanasema nini? Siri za mbinguni?"

"Yanasema: Njoo tule, nimepata jibini mpya, na nimekukumbuka."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu! Mtu kamwalika rafiki yake chakula, nasi tukamziba mdomo miaka yote hii. Mimi simzibi tena."

Akafungasha kalamu zake, akatoka, akaenda moja kwa moja kwa jaji. Mtumishi akafungua mlango, akamwambia bwana yuko mezani, arudi kesho.

"Sirudi kesho," Nofri akasema. "Mwambie kitabu chake cha barua kina uongo ukurasa wa arobaini, na mwongo mwenyewe yuko hapa mlangoni."