Tupa na Marimba

Mwaka ule tulikula mlenda mtupu, ugali tukausikia kwa majirani. Leo mjukuu wangu anapiga tupa bawaba ya mlango, na harufu ya chuma imenirudisha kwa mama na marimba ya vyuma aliyoachiwa na baba yake.

Siku moja Mzungu wa reli, mtu wa Ayalandi, alikuja kwetu akapiga kinanda cha kuvuta, ngoma ya kwao ya kurukaruka. Mama akaisindikiza, akibonyeza vyuma viwiliviwili mpaka vikapatana nayo. Kimoja tu kilikataa, kikalia kivyake. Mzungu akatoa tupa.

"Mama, kipunguze kidogo, nikupe gunia la unga."

"Sauti ya baba yangu haipigwi tupa."

Nikamvuta kaniki. "Mama, kubali! Nina njaa."

Akanigeukia mimi.

"Sauti ya baba yangu haipigwi tupa."