Mama Hakuwa na Bandama

Hasira hii sijaitua mpaka leo, na sina haja ya kuitua.

Miaka ile ya hamsini tulikaa mtaa wa Mabawa, mama na mimi binti yake wa pekee. Jioni nilikuwa nikimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, maana alishinda ameinama akisuka ukili wa mikeka. Siku moja mkono wangu ulikwama upande wa kushoto, chini ya mbavu. Palikuwa na kitu kigumu, kimejificha kwa ndani. Mama akasema, "Hapo, mwanangu. Hapo hapanipi usingizi."

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mzungu, akisema kupitia mkalimani, kijana wa hapahapa mjini. Kijana akamwamkia mama shikamoo, akamuuliza hali. Mama akajibu, "Sijambo mwanangu, alhamdulillah." Angejibuje? Kwetu hata anayekata roho hujibu hivyo kwanza, amshukuru Mungu, kisha ndipo hueleza kinachomsibu. Yule kijana alilijua hilo tangu ananyonya. Lakini aligeuka akatafsiri palepale, na daktari akaandika kwamba mgonjwa hana maumivu. Mama alipofungua kinywa kuendelea, daktari alikwisha kumbonyeza tumbo na kutoa hukumu: bandama iliyovimba kwa homa ya mbu. Pwani yote ilikuwa na bandama, basi na mama naye awe nayo! Akapewa kwinini. Akainywa mpaka masikio yakawa yanavuma, na kile kitu kikazidi kukua.

Nilirudi naye, safari hii nikasema mwenyewe, na kwa sauti. Wakampiga eksirei. Ikaonekana figo ya kushoto imesukumwa chini. Daktari akakuna kidevu, akaeleza kuwa juu ya figo kuna tezi ndogo, na uvimbe ukiota pale humwaga homoni mwilini: presha hupanda, moyo huenda mbio, jasho humtoka mtu, au uso hufura, na mwanamke huota ndevu. Akampima presha. Nzuri. Akamtazama uso. Umekonda tu. Nikaona anavyofurahi. "Hana hata dalili moja," akasema, "kwa hiyo si tezi." Tukarudishwa kwenye bandama.

Nikauliza: na hiki kilichosukuma figo, ni nini? Mkalimani akanikonyeza ninyamaze. Swali langu hakulitafsiri. Nikimkumbuka natamani kumzaba kofi.

Mwaka uliofuata alikuja daktari mwingine, mpasuaji. Huyu alimlaza mama ubavu, akaweka mkono mmoja mgongoni na mwingine tumboni, akamwacha azungumze mpaka akamaliza. Akampasua. Uvimbe ulikuwa kwenye tezi ileile, mkubwa kama dafu, tena umekwisha kushikamana na mshipa mkubwa wa damu. Akamshona bila kuutoa.

Yule daktari wa kwanza alinikuta kwenye baraza ya wodi. Alikuwa mpole siku hiyo, labda aliona haya. Kupitia mkalimani wake akaniambia nisimlaumu mtu. Uvimbe wa namna ile ni nadra, hautoi homoni, hautoi dalili yoyote.

"Mwambie ulitoa dalili," nikamwambia mkalimani. "Uliuma. Uliuma tangu siku ya kwanza, na sasa mama yangu anakufa."

Akamwambia. Mama mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa; kitanda chake kilikuwa cha kwanza kutoka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi.