Shangazi Aliyemsemea Mungu

Fundi cherehani alikuwa na mdomo, na hakuwa na haya nao. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, humwambia, "Suruali haijapungua, baba, wewe ndiye umeongezeka." Kwenye maombi ndiyo usiseme: akianza yeye, hata mchungaji hutazama saa.

Mwaka juzi binti wa kaka yake, mtoto wa miaka sita, aliugua kifua. Fundi akasimama kanisani mbele ya watu wote akatangaza, "Bwana ameniambia, mtoto huyu atapona." Bwana hakuwa amemwambia kitu. Ni yeye aliyetaka, akataka mpaka akadhani amesikia. Siku ya tisa wakamzika.

Tangu hapo, kila akipiga magoti alisikia kikohozi kile chembamba cha yule mtoto nyuma yake, kama cha mtu anayengoja zamu yake ya kusema. Akigeuka, hamna mtu. Akiinuka, kimya. Basi akaacha kupiga magoti. Kanisani alikwenda, nyimbo aliimba, lakini maombi akawaachia wengine. Watu wakasema amekuwa mnyenyekevu. Wangejua!

Adhuhuri moja mama wa yule marehemu akaingia kibandani kwa Fundi, tumbo limemtangulia.

"Wifi, mtoto amekaa vibaya. Kesho wananipasua. Niombee."

"Nenda kwa mchungaji."

"Mchungaji sijamwona akilia. Wewe nimekuona."

Fundi akasimamisha cherehani. "Wifi, siku ile sikuambiwa kitu mimi. Nililidanganya kanisa zima. Nilikudanganya na wewe."

Mwenzake akakaa kwenye benchi la wateja, akavuta pumzi. "Nilikuchukia, wifi. Nikifika hapa nilikuwa navuka barabara nipite upande wa pili. Hukuona?"

"Niliona."

"Basi leo usiniahidi kitu. Omba tu, kama mtu asiyejua."

Wakapiga magoti juu ya mabaki ya vitambaa. Kikohozi kikaja, karibu kuliko siku zote, hata Fundi akahisi pumzi yake shingoni. Goti moja lilikwisha kuinuka. Akalirudisha chini.

"Baba," akasema, "sijui kama unanisikia. Mwanetu ulimchukua, na sababu hukunipa. Huyu nakuomba umwache. Naogopa." Akatafuta la kuongeza, asilipate. "Amina."

"Amina," wifi akajibu, akajikongoja kuinuka, akaenda zake.

Nyuma kikohozi kikasikika tena. Fundi hakugeuka. Alibaki palepale magotini, akaanza upya: "Baba, sijui kama unanisikia."