Nukta ya Mzimuni

Mpwa wangu yuko chuo kikuu, ameandika makala inayochanganya elimu ya miti na elimu ya mila, juu ya mzimu wetu, kile kichaka cha tambiko huku Kaole. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mtunzaji wa mzimu ni mimi, nikampeleka mwenyewe. Tukavua viatu, tukapiga hodi. Viatu vyenyewe nilinunua Msata, vinanibana hadi leo, basi tuyaache hayo.

Sasa jarida halichapishi makala bila ramani yenye nukta pale mzimu ulipo, na bila makala hiyo mtoto hamalizi masomo. Ruhusa ni yangu.

Kwetu mzimuni hapaonyeshwi kwa kidole. Dada yangu, mama yake huyo mtoto, akanijia juu: "Nukta kwenye ramani ni nini kama si kidole? Ukikubali, usinikanyagie kwangu!"

Mtoto naye hachoki kupiga simu.

"Shikamoo mjomba. Umeamua?"

"Marahaba mwanangu. Mtandao unakatika, sikusikii."

"Mjomba, mnara wa simu si uko nyuma ya nyumba yako?"

Nikachungulia dirishani. Upo, mrefu kweli, wala hauhitaji kidole.