Kopo la Mtu wa Njia

Mama mkwe wangu alipima mchele kwa kopo la maziwa, na kwenye kopo lile alikuwa mkali kuliko karani wa serikali. Kopo moja kwa kila mtu wa nyumba, kisha la mwisho, ambalo aliliita ziada. Wiki chache baada ya harusi, mume wangu alipelekwa Salamabila kuchimba dhahabu ya Wazungu. Mimi, kwa ujinga wa ugeni, nikaacha kupima ziada. Nilidhani fungu la mume wangu ndilo ziada, maana hakuna wa kulila.

"Hapana, mutoto yangu," mama mkwe aliniambia. "Ziada iko ya mutu wa njia, ule hatumuyue. Bwana yako hata akiwa mbali, kopo yake inabaki yake."

Basi kila jioni tulifunika vyakula viwili: cha mume wangu kwenye sahani ya buluu, cha mtu wa njia kwenye bakuli la mti.

Mama mkwe akafa, nikabaki na makopo matatu na mdomo mmoja. Ukaja mwaka wa mpunga mwingi. Serikali ilitulazimisha kulima, mvua nayo haikugoma, na mnunuzi alipojaza lori lake aliyaacha magunia yangu barazani, akisema hayo ni ziada. Nilicheka. Ziada gani isiyo na mtu wake? Lakini mwaka ule hata wasafiri wa njia ya Kabambare walikuwa wameshiba, hakuna aliyesimama. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona. Nilikula nikiongea na kuku, na upweke uliniuma kuliko njaa.

Mume wangu alirudi mwaka wa sita. Alisimama uani, akapiga hodi. Nyumbani kwake.

"Karibu," nilisema, nikamtandikia mkeka. Alinawa, akala, akanieleza kwa upole kwamba kule ana mke na watoto wawili, na kesho lazima arudi kazini.

"Asante, mama. Chakula iko tamu," alisema, akasogeza chombo.

Nilipoinama kukiokota ndipo nilipoona. Kilikuwa bakuli la mti. Sahani ya buluu ilikuwa bado imefunikwa pale pale, na mimi ndiye niliyempakulia.

Asubuhi, alipokwisha kuondoka, niliwamwagia kuku wali wa sahani ya buluu. Jioni nikapima makopo mawili.