Wifi Yangu na Tiketi za Kitwe

Barua ya mume wangu ilifika Mpanda mvua zikielekea ukingoni, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimeshanuna. Alikuwa na mwaka wa pili Kitwe, huko Zambia, akitengeneza malori. Sasa amepata chumba, akaniita. Ila nisije peke yangu. Nije na mdogo wake wa kike, maana yeye amesoma, anajua Kiingereza, atanikatia tiketi njiani.

Barua hiyo niliisoma mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wazima wote tunapelekwa darasani jioni, na mimi nilikuwa nimejifunza kusoma hivyo hivyo, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Nilitaka kumwonyesha mume wangu kwamba siku hizi najua kusoma. Yeye akaniandikia habari za kidato cha pili cha dada yake.

Wifi yangu huyo nilimkuta mtoto nilipoolewa. Nilimsuka nywele, nikamfundisha kusonga ugali. Alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa kucheka, na hakuwa na baya lolote. Ndiyo maana wivu wangu ulikosa pa kushika.

Tulipanda basi hadi Sumbawanga. Pale stendi nilikuwa bado nafungua fundo la kitenge nilipoweka nauli, nikageuka, wifi ameshapanga foleni na kurudi.

"Tayari, wifi. Tumepata viti vya mbele."

"Hapa wanaongea Kiswahili," nikamwambia. "Hapa ningeweza mwenyewe."

Akacheka, akadhani ni utani.

Tulivuka mpaka pale Tunduma, tukabadilisha pesa. Upande wa pili, Nakonde, watu wamejazana kwenye kidirisha cha tiketi. Wifi akapenya, nikasikia Kiingereza chake kinatoka taratibu, kila neno limenyooka kama sare ya shule. Karani akainua uso na kutabasamu. Akamjibu, akamuuliza jambo, wakacheka wote wawili. Mimi nilisimama nyuma na mabegi mawili na kuku wetu wa zawadi, nikijisikia kama mzigo wa tatu.

Ndani ya basi nikamwambia, "Nipe tiketi yangu."

"Ngoja nikutunzie, utaipoteza."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anavyomwambia mtoto asishike chupa ya taa. Njia nzima, usiku na asubuhi yake, sikumwongelesha ila pale kuku alipotaka maji.

Kapiri Mposhi ndipo tulipotakiwa kubadili basi. Wifi alikuwa amebanwa, akaniomba nikae na mizigo aende kutafuta choo. Nilimwangalia mpaka alipopotea nyuma ya vibanda, kisha nikabeba kila kitu, kuku kwapani, nikaenda dirishani.

Kiingereza sina. Lakini mama yangu alikuwa Mfipa, na tangu Nakonde nilikuwa nikisikia watu wale wakiongea, naokota neno hapa na pale, mengi yanafanana na ya Kifipa. Nikachomoa Kifipa cha mama. Nikaonyesha vidole viwili, nikataja mji. Nyuma yangu watu wanasukumana, kuku anapiga kelele, injini inanguruma. Karani akarudia jina la mji, nikaitikia kwa kichwa. Akanipa tiketi mbili na chenji, akanionyesha basi kwa kalamu.

Niliitazama ile karatasi. Inaanza na K, inaishia na WE. Nikaikunja.

Wifi aliporudi nilimshika mkono. "Nimeshakata. Twende, linaondoka."

"Umekata mwenyewe?" Akanikumbatia pale pale mbele ya watu. "Wifi! Kaka atafurahi!"

Hakuomba kuziona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mimi njia nzima nilikuwa namchunguza, yeye aliniamini kwa neno moja.

Tulikaa, nikashika tiketi zetu mkononi kama mwenye basi. Ilipita kama saa nzima na zaidi, kisha wifi akamuuliza abiria wa pembeni Kitwe bado mbali kiasi gani. Yule mama akashangaa. Basi hili linakwenda Kabwe. Kitwe tumeipa kisogo tangu tulipoondoka.

Wifi akachukua tiketi mkononi mwangu, polepole, akasoma. Nilingoja aniseme. Alitazama nje tu, akiikunja na kuikunjua ile karatasi, na hapo nikaona kumbe naye anaogopa, kumbe ule ujasiri wa dirishani ulikuwa wa kujikaza. Tulifika Kabwe, akaenda kuuliza, akakata tiketi nyingine. Hapakuwa na basi mpaka kesho yake. Tulilala kwenye ukumbi wa kanisa, kwa hisani ya mama mmoja tuliyemkuta akifagia.

Mume wangu alikuwa ametungoja stendi ya Kitwe tangu jana yake. Macho mekundu, shati limejaa vumbi.

"Nyie mlipotelea wapi?"

Nilifungua mdomo. Wifi akaniwahi. "Ni mimi, kaka. Nilikosea basi."

Mume wangu akamtazama, kisha akacheka, akampiga kofi dogo la bega. "Na Kiingereza chako chote hicho!" Basi, yakaisha.

Nilipaswa kumshukuru. Badala yake niliwaka. Hata kosa langu, alipolivaa yeye, liligeuka la kupendeza. Ningelivaa mimi, nilijua, mume wangu angeguna na kusema, si niliandika yeye ndiye akate tiketi?

Niliyavumilia kama wiki tatu. Kila mume wangu alipotaka kumtania dada yake alimwita "mama Kabwe," naye anacheka, mimi nainamia sahani. Siku moja tukiwa mezani nikasema, "Zile tiketi nilikata mimi. Nilimwona anajua kila kitu, nikaona wivu."

Mume wangu aliacha kutafuna. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ulikata kwa lugha gani?"

"Kifipa."

"Kapiri? Kwa Kifipa?" Akatikisa kichwa. Sikujua kama ni sifa au masikitiko, na sikuuliza.

Aliyekasirika ni wifi. Alinifuata nje nikiosha vyombo. "Mimi nilishalibeba lile. Sasa kaka ananiona mwongo, na wewe umekuwa mtu mkweli."

Nikamwambia anisamehe. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani, mgongo kwangu. Baadaye tulizoeana tena, tukapendana hata, lakini jioni ile, nikimwona amenuna kama nilivyonuna mimi toka Mpanda, nilisikia nafuu ambayo sikuipenda.