Mlangilangi Siung'oi

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nafua nepi. Msimamizi wa kota zetu hapa Temeke aliingia uani bila hodi, mkononi ana kopo lenye mche wa mkrismasi, akaenda moja kwa moja kwenye mlangilangi wangu. Matawi ya mti huo nimeyafunga kamba za usumba, na kila kamba inaning'iniza jiwe. Akashika kamba moja akaivuta kwa nguvu. Matawi ya mlangilangi ni mepesi kuvunjika, basi tawi likakatika paa, likaanguka na maua yake. Kisha akamgeukia mume wangu, aliyekuwa anafunga viatu aende ofisini.

"Bwana karani, mwambie mkeo uganga wake huu uondoke kabla ya Jumamosi, upandwe mkrismasi. La sivyo nyumba atapewa mwingine."

Mie niko palepale, mikono imejaa povu, mtoto mgongoni. Hakunitazama. Na haikuwa mara ya kwanza kuja kuzungumza na mume wangu juu ya mti ambao mume wangu hata kuumwagilia hajui. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikalichukua lile kopo la mkrismasi, nikalibeba mtaa mzima hadi kizingitini kwake, nikalitua mbele ya mkewe. Mama yule nilimwamkia shikamoo, maana ni mkubwa wangu na hana kosa. Kisha nikamwambia amfikishie mumewe kwamba akiwa na neno jingine kuhusu mti ule, aje aniambie mimi.

Usinione mgomvi, rafiki yangu unayesoma. Nina watoto wadogo, nina sufuria jikoni, sina nafasi ya kugombana ovyo. Lakini mti huu una habari zake, na nikikueleza utaona kwa nini siwezi kunyamaza.

Mie nimelelewa Buguruni, na bibi mzaa mama, wakati Buguruni ni minazi mitupu na nyumba za udongo zilizoachana. Dirisha la chumba chetu lilitazama mlangilangi. Alfajiri, umande haujakauka, bibi alikuwa akiniamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu, tunatoka na kikapu. Ua la kijani hatuligusi. Bibi alisema hilo bado bubu. Tunangoja ligeuke njano na kitovuni litoe doa jekundu, hapo ndipo linanukia hadi barabarani, na watu wanaokwenda sokoni na matenga yao wanapunguza mwendo bila kujua kwa nini.

Mlangilangi ukiuacha utakavyo, unapanda juu mpaka maua yanakuwa ya kunguru. Kwa hiyo unakatwa kichwa ungali mdogo, na matawi yake yanafungwa mawe ili yazoee kuinama, mwanamke achume akiwa amesimama chini. Chini ya kamba unaweka kitambaa, gome lisichubuke. Kazi yangu ilikuwa hivyo vitambaa. Kila mvua ikipita nazunguka, nalegeza hapa, nakaza pale. Nilikuwa na tawi langu mwenyewe, nikilijulia hali kama mtu.

Jua likipanda tunakaa barazani na mihogo ya kuchemsha na chai ya tangawizi. Mbuzi ya nazi inakwaruza jikoni, na bibi anafunga vikuba, vishada vya maua vya maharusi: asumini, rehani, langilangi. Maua yaliyobaki anayatia kwenye chupa ya mafuta ya nazi na kuianika paani. Kila mzazi wa mtaa ule alikandwa kwa mafuta yale. Nami nilipojifungua mwanangu wa kwanza niliyatafuta Kariakoo nzima sikuyapata. Nikauziwa kichupa cha manukato ya dukani, kikaniumiza kichwa.

Ng'ambo ya ua wa makuti alikaa mwalimu wa shule ya misheni, Mnyamwezi, na mbele ya nyumba yake alipanda mkrismasi. Bibi yangu ni Mzaramo. Basi unajua mwenyewe, watani hawakosi la kugombania, na wao waligombania miti. Mwalimu alikuwa akiegemea ua jioni na kusema mlangilangi unafanana na kikongwe aliyejipaka marashi, ukimnusa unageuka, ukimwona unajuta. Bibi anamjibu bila kuinua macho kwamba mkrismasi ni bwana wa koti jekundu, mwezi mmoja anatembea kifua mbele, miezi iliyobaki hana hata shati. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nami kwa kuwa sasa nina ua wangu, sitasema uongo kuhusu mti wa mwalimu. Mkrismasi ni mzuri. Ukifika Desemba unawaka mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Kivuli chake ni kipana, hautaki matunzo, na maganda yake makavu tulipigana nayo kama mapanga. Lakini unapukutika, unabaki mifupa. Na mizizi yake haina adabu. Uliinua sakafu ya jiko la mwalimu mwenyewe, mkewe akawa anapikia jiko limeinama. Mlangilangi hauna sura, majani yake yamelegea kama una huzuni, maua yake kama vitambaa vilivyochanika. Lakini mwaka mzima una majani, mizizi yake inakaa kwake, na mtu mwenye uwanja mdogo anaishi nao bila kusukumana. Ua wa kota ni mdogo, mtoto akikimbia anagonga ukuta. Kupanda mkrismasi humo ni kufuga ng'ombe chumbani.

Sasa sikiliza. Siku moja alipita bwana afya anayekagua mitungi na vifuu kama vina viluwiluwi vya mbu. Bibi alikuwa amepeleka vikuba kwenye harusi. Bwana yule akayaona mawe yananing'inia mtini, akamwuliza mwalimu pale uani kwake ni mawe ya nini. Mwalimu, bila hata kufikiri, akajibu kama anavyojibu siku zote akiulizwa habari za mtani wake.

"Huyo Mzaramo ni mchawi, bwana. Kila jiwe hapo ni mume aliyemmaliza."

Mie nilicheka. Bwana afya hakucheka. Alikuwa mtu wa mbali, kwao hawana utani na yeyote. Mwalimu alipoona uso wake akaanza kumweleza kwamba anatania, kwamba mawe ni ya kuinamisha matawi. Akajibiwa kwamba mwalimu mzima hawezi kutania na serikali, na kwamba sasa anamwogopa jirani yake ndiyo maana anageuza maneno. Kesho yake wakaja watu na mashoka.

Bibi aliwaomba wamsikilize. Wakamwambia habari yote imekwisha elezwa na mwalimu, mtu aliyesoma. Mti ukaanguka na mawe yake. Tawi langu lilikuwa na maua ya kijani.

"Mti ni wangu," bibi alisema, "na aliyeulizwa ni mtani wangu."

Hakupiga kelele. Alimtoza mwalimu mbuzi, kama desturi ya watani, na mwalimu akamleta siku ileile, tukamla nyumba zote mbili pamoja. Lakini mwalimu hakuona kwamba mbuzi ametosha. Alikwenda bomani mara nyingi kueleza, akarudi mara nyingi na kofia mkononi. Tangu hapo hakuutukana tena mti wa mtu.

Bibi alifariki nikiwa shule ya bweni, darasa la kumi. Nyumba iliuzwa, na mwenye kununua akajenga duka. Maharusi wa sasa wanataka chupa za Wahindi, na kikuba ukikitaka wanakuuliza ni kitu gani. Mwalimu naye alirudi kwao Tabora. Kabla ya kuondoka alikuja kwenye harusi yangu na debe lenye mche. Ndege walikuwa wamedondosha mbegu za mlangilangi wa bibi nyuma ya jiko lake, mche ukaota, naye akaulea kimyakimya. Aliniwekea miguuni, akaondoka kabla ya pilau. Mti huo ndio uliovunjwa tawi na msimamizi wa kota.

Basi siku ya pili yake nilivaa gauni langu la kanisani, nikafunga mtoto mgongoni, nikaenda bomani. Karani wa mlangoni akataka saini ya mume wangu. Nikamwambia mume wangu hana malalamiko, mwenye malalamiko ni mimi, na kuandika najua. Nikakaa kwenye benchi na watu wa kodi mpaka akachoka kunitazama, akaipokea barua yangu. Niliandika hivi:

"Kwa Bwana Shauri. Mimi ni mkazi wa kota za Temeke. Nalalamika kwamba msimamizi wa kota ameingia uani kwangu pasipo ruhusa, amevunja tawi la mti wangu, na amenisingizia uganga mbele ya mume wangu bila kuniuliza mimi neno hata moja. Mawe yaliyofungwa ni ya kuinamisha matawi, na niko tayari kumwonyesha mtu yeyote kazi yake. Sikatai mkrismasi. Upandwe kando ya barabara penye nafasi, na kuumwagilia nitaumwagilia mimi. Ukipandwa uani, mizizi yake itapasua sakafu ambayo ni mali ya serikali. Naomba mlangilangi usiguswe mpaka nitakaposikilizwa mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, si kwa kinywa cha mume wangu wala cha jirani. Akija mtu na shoka kabla ya hapo, atanikuta chini ya mti pamoja na wanangu, na sitaondoka."